Mnazi ni tall, nazi ni high

Shuleni wengi tulipewa fomula fupi: "tall" ni refu, "high" ni juu. Fomula hiyo inavunjika mara moja mtu anapoanza kuandika Kiingereza cha kweli. Mlima ni mrefu kwa Kiswahili, lakini kwa Kiingereza ni "high". Ukuta wa gereza ni mrefu, nao kwa kawaida ni "high". Bei ya juu ni "high price", hapo tunapona. Lakini sauti ya juu si "high voice", na homa kali, ambayo kwetu haina juu wala chini, ni "high fever".

Chanzo cha mkanganyiko ni kivumishi chetu -refu, ambacho kinafanya kazi ya vivumishi vinne vya Kiingereza. Barabara ndefu ni "long", mtu mrefu ni "tall", mlima mrefu ni "high", kisima kirefu ni "deep". Kiswahili kinaangalia umbali kati ya ncha mbili za kitu, basi. Hakijali kama kitu kimesimama, kimelala au kimezama ardhini. Kiingereza kinataka kujua mambo mawili kabla hujachagua neno: kitu hicho kimekaaje, na unakipima kuanzia wapi.

Tuondoe kwanza "long", maana ndiyo inayoingilia sana. Chukua sentensi hii: twiga ni mrefu kwa sababu ana shingo ndefu na miguu mirefu. Kwa Kiingereza: "A giraffe is tall because it has a long neck and long legs." Mnyama mzima amesimama, kwa hiyo ni "tall". Shingo na miguu ni viungo vilivyonyooka kutoka kwenye mwili, na viungo hupimwa kwa "long" hata vikiwa vimesimama wima. Ndiyo maana anayesema "My brother is very long" anaeleweka lakini anachekesha: amemlaza kaka yake sakafuni na kumpima kama mkeka. Nyoka ni "long". Mamba ni "long". Nywele, gauni, suruali na kamba vyote ni "long".

Kliniki za watoto zinaishi na tofauti hii kila siku. Katika viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, mtoto aliye chini ya miaka 2 hupimwa akiwa amelala, na kipimo chake kinaitwa "length". Akifikisha miaka 2 hupimwa amesimama, na kipimo kinabadilika jina kuwa "height". Hayo si mapambo ya lugha. Mtoto yuleyule akilala anakuwa mrefu kidogo kuliko akisimama, na viwango hivyo vinataka sentimeta 0.7 ziongezwe endapo mtoto wa chini ya miaka 2 amepimwa kwa kusimama. Kwa hiyo mtoto mchanga ni "50 centimetres long", na dada yake wa miaka minne ni "one metre tall". Kwa Kiswahili wote wawili wana urefu.

Sasa "tall" yenyewe. Neno hili linahusu mwili wa kitu, kuanzia unyayo hadi utosi. Kitu lazima kiwe kimesimama juu ya msingi wake, na kwa kawaida kimo chake kinazidi upana wake kwa kiasi cha kuonekana. Watu, wanyama wanaosimama, miti, minara, maghorofa, nguzo za umeme, mabomba ya moshi ya viwandani, chupa, glasi, mishumaa: vyote hivyo ni "tall". Kabati la vitabu lililokaribia kugusa dari ni "tall". Unaona umbo linalojirudia? Vyote ni vyembamba, vimekwenda juu. Ukuta unaokosa sifa hiyo, kwa sababu urefu wake wa kwenda kando ni mkubwa kuliko wa kwenda juu, unaegemea "high". Vivyo hivyo uzio na boma, ingawa kwenye uzio utasikia yote mawili bila mtu kukushangaa.

Wakulima wa minazi wameliweka neno hili hadi kwenye majina ya aina za mbegu. Minazi inagawanywa katika makundi mawili makubwa, "tall" na "dwarf", na mnazi wetu wa asili wa mwambao unajulikana kwenye vitabu vya kilimo kama East African Tall. Kuna na mfupi wa Pemba unaoitwa Pemba Red Dwarf. Hakuna mtaalamu atakayeuita mnazi "high". Lakini nazi zilizoning'inia kule kileleni, ambazo mkwezi anazifuata, hizo ni "high": "The palm is tall, so the coconuts are high." Mtu akiishika sentensi hiyo moja tu, nusu ya makosa inakwisha. Mnazi unapimwa mwili wake. Nazi haipimwi mwili, inapimwa mahali ilipo.

Maana "high" ina kazi mbili, na hapa ndipo watu wanapopotea. Kazi ya kwanza ni kusema kitu kiko mbali kutoka chini. Wingu ni "high". Rafu ambayo mtoto haifikii ni "high". Picha iliyotundikwa karibu na dari ni "too high", na dawa yake ni kuishusha. Picha ambayo ni "too tall" haiingii ukutani hata uiteremshe vipi, kwa sababu tatizo ni umbo lake. Dirisha nalo hivyohivyo. "A tall window" ni dirisha lililoanzia karibu na sakafu likapanda. "A high window" ni kile kidirisha kidogo cha juu, kama cha stoo au mahabusu, ambacho chenyewe kinaweza kuwa na sentimeta 30 tu. Ukimpa fundi maelekezo kwa Kiingereza, ukosee neno hapo, utajengewa kitu kingine kabisa.

Dari ni mfano safi kuliko yote. Dari haina unyayo, haijasimama popote, kwa hiyo haiwezi kuwa "tall" hata siku moja. Ni "high ceiling" au "low ceiling". Meza pia huwa "high", kwa sababu tunachojali ni uso wake uko umbali gani kutoka sakafuni ukilinganisha na kiti.

Kazi ya pili ya "high" ni kusema kilele cha kitu kimefika mbali juu, hasa kitu chenye mwili mpana: mlima, kilima, ukuta, bwawa la kuzuia maji, wimbi. Hapa "high" inajipenyeza kwenye shamba la "tall", na kwenye majengo yanagusana. "A tall building" ndiyo kawaida. "A high building" si kosa la sarufi lakini masikioni mwa mzawa wa Kiingereza inakwaruza, ingawa jengo la maghorofa mengi linaitwa "high-rise" na si "tall-rise". Lugha ina haki zake.

Milima inastahili nafasi yake. Kilimanjaro ni "the highest mountain in Africa", mita 5,895. Namba hiyo haikupimwa kutoka Moshi wala Marangu. Imepimwa kutoka usawa wa bahari. Kwa maneno mengine inasema kilele kiko wapi, na swali la mahali ni la "high". Ukitaka kujua mlima wenyewe una mwili kiasi gani kuanzia uwanda unaouzunguka, unapata takriban mita 4,900. Wataalamu wa jiografia wanapotaka kutenganisha vipimo hivyo viwili, hutumia maneno yetu mawili: "highest" kwa kilele kilicho juu kuliko vyote kutoka usawa wa bahari, "tallest" kwa mlima wenye mwili mrefu kuliko yote kutoka msingi hadi kilele. Everest, mita 8,849, ndio "the highest mountain in the world". Ila "the tallest" kwa hesabu hiyo ni Mauna Kea wa Hawaii. Juu ya maji una mita 4,207 tu, hata Mlima Kenya wa mita 5,199 unaupita; lakini msingi wake uko chini kabisa kwenye sakafu ya Bahari ya Pasifiki, na ukiupima kutoka huko unazidi mita 10,000.

Nje ya mjadala huo wa kitaalamu utawasikia wazawa, hasa Wamarekani, wakisema "the tallest mountain" kwa Everest. Hawajakosea mno. Ila kwenye mtihani, ripoti au tovuti ya kampuni ya kupandisha watalii, andika "highest". Ni salama kila mahali.

Miji nayo ni suala la mahali. Nairobi iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, Arusha karibu 1,400, basi "Nairobi is higher than Arusha". Ukisema "taller" msikilizaji atadhani unazungumzia maghorofa. Ziwa Tanganyika ni "long", karibu kilomita 670, na ni "deep", mita 1,470 pale penye kina kikubwa kabisa. Ziwa Titicaca kule kwenye mpaka wa Peru na Bolivia ni "a high lake", kwa kuwa uso wake uko mita 3,812 juu ya usawa wa bahari. Na Nyanda za Juu Kusini kwa Kiingereza ni Southern Highlands, wala hakuna Tallands.

Kwenye majengo tofauti hii imewahi kuzua ubishi mkubwa huko Marekani. Mwaka 2013 jengo la One World Trade Center la New York lilitangazwa kuwa "the tallest building" nchini humo, mita 541, baada ya kamati inayoshughulikia vipimo vya majengo marefu kuamua kwamba mlingoti ulio juu yake ni sehemu ya usanifu wa jengo na si antena tu. Likaipokonya taji Willis Tower ya Chicago. Watu wa Chicago wakalalamika, na hoja yao ilikuwa na uzito: paa la Willis Tower liko mita 442, la mwenzake mita 417. Aliyesimama kwenye paa la Chicago yuko "higher" kuliko aliyesimama kwenye paa la New York, lakini jengo la New York ndilo "taller". Sentensi zote mbili ni kweli kwa wakati mmoja. Mlingoti unaongeza mwili wa jengo. Haumwongezei kimo aliyesimama juu ya paa.

Tukija kwenye vipimo vyenyewe, muundo wa sentensi ndio unaowatoa wengi jasho. Sisi tunasema ana urefu wa mita 1.7, kwa hiyo mkono unaandika "He has a height of 1.7 metres". Haijavunjika, ila inanuka ofisi ya serikali. Kauli ya kawaida ni "He is 1.7 metres tall", namba kwanza, kivumishi nyuma. Angalia pia kwamba hapo "tall" haimaanishi mtu ni mrefu. "She is one metre tall" ni sahihi kabisa kwa mtu mfupi sana. Neno linataja tu upande unaopimwa. Kwa mlima na ukuta ni "high": "The wall is two metres high." Kwa jengo chagua unalotaka, "140 metres tall" au "140 metres high", zote zinapita. Kipimo kikitangulia nomino, wingi unadondoka na vistari vinaingia: "a two-metre-high wall". Yule "s" wa "metres" pale ndiye kosa ambalo wahariri hulisahihisha kila wiki.

Kumuuliza mtu kimo chake ni "How tall are you?" Usithubutu kuuliza "How high are you?" Kwa mtu, "high" bila neno lingine maana yake amelewa, hasa bangi au dawa nyingine za kulevya. "He was high" kwenye maelezo ya polisi ni tuhuma. Anayetaka kusema mtu wa ngazi ya juu aandike "a high-ranking official" au "a senior official".

Kuna vighairi viwili vya kushika. Farasi hupimwa kwa "hands", kipimo kimoja kikiwa inchi 4, yaani sentimeta 10.16, kutoka ardhini hadi pale mgongo unapoanzia shingoni, na husemwa "15 hands high". Kingine ni vipimo vya mwili wa binadamu: maji ya magotini ni "knee-high", majani ya kiunoni ni "waist-high". Haijalishi kinachopimwa ni nini, maana kinachotajwa ni usawa uliofikiwa. Na majani yenyewe, kwa kuwa yameingia: "tall grass", "long grass" na "high grass" zote zipo. Mwingereza anapenda "long", Mmarekani "tall". Ukiona vitabu viwili vinapingana hapo, usipoteze usiku.

Nje ya vipimo, "high" inatawala karibu peke yake. Chochote kinachopanda na kushuka kwenye mizani ni "high" au "low": bei, mshahara, kodi, joto, kasi, hatari, ubora, alama za mtihani, shinikizo la damu. Jaribio la haraka ni kutafuta kinyume. Kinyume cha "tall" ni "short". Cha "high" ni "low". Mshahara mdogo hauwezi kuwa "short salary", kwa hiyo mkubwa hauwezi kuwa "tall". Jaribio hili linasaidia hata kwa vitu vya kushikika: dari fupi ni "low", mtu mfupi ni "short". Kwa mwambao, maji yakijaa ni "high tide", yakipwa ni "low tide".

Mitego hapa ni ile ambapo Kiswahili chetu kimechukua picha nyingine. Homa kali si "strong fever" wala "hot fever", ni "high fever". Kasi kubwa ni "high speed". Bei ghali usiiandike "expensive price". Bidhaa ndiyo "expensive", bei ni "high". Mtego mbaya kuliko yote ni sauti ya juu. Mwalimu akisema someni kwa sauti ya juu, anataka isikike mbali, na hiyo ni "a loud voice". "A high voice" ni sauti nyembamba, ya mtoto au ya mwimbaji wa soprano. Mtu anaweza kunong'ona kwa "high voice". Ukimsifia mhubiri mwenye sauti nzito ya ngurumo kwamba ana "a high voice", umemgeuza kinubi.

Upo upande mmoja ambao Mswahili anaupata kirahisi kuliko wengi. Mara nyingi "high" katika vyeo na taasisi ni -kuu yetu. Mahakama Kuu ni High Court, kuhani mkuu ni "high priest", bahari kuu ni "the high seas", meza kuu ya harusi ni "the high table". Meza hiyo haihitaji kuwa ndefu wala kuinuliwa. Wanakaa wakubwa, inatosha. Ubalozi wa Tanzania ulioko London ni High Commission kwa sababu Uingereza ni mwenzetu kwenye Jumuiya ya Madola, ilhali wa Washington ni Embassy. Ukikutana na "high" inayoonekana haina maana ya juu, jaribu kuweka kuu kabla hujafungua kamusi.

"Tall" haina ufalme wa namna hiyo. Ina misemo michache ya kukariri: "a tall order" ni agizo gumu kutekelezeka, "a tall story" ni hadithi iliyotiwa chumvi, "stand tall" ni kusimama kifua mbele. Halafu kuna Starbucks, ambako kikombe kinachoitwa "tall" ni cha mililita 355 na ndicho kidogo kuliko vingi kwenye ubao. Hapo sarufi haina la kusaidia, agiza tu.

Jambo la mwisho ni vielezi na nomino. "High" hujitumikia yenyewe kama kielezi: ndege huruka "high", mwanariadha huruka "high", na mchezo wenyewe ni "high jump". "Highly" haina uhusiano na anga. Maana yake ni sana, kama katika "highly paid" au "highly recommended". Aliyeandika "The plane flew highly" ameandika ndege iliruka kwa sana. Nomino ya vivumishi vyote viwili ni moja, "height", ambayo hutamkwa "hait", si "heit", na haina "th" mwishoni ingawa "length", "width" na "depth" zinakushawishi kuiweka. "Tallness" ipo kwenye kamusi lakini wachache huitumia. Na "highness" waachie wafalme.